Pikipiki Ambayo Mama Hakutaka Kuiona

Ilikuwa Jumamosi ya tarehe 15 Desemba mwaka 2018, saa kumi na moja alfajiri, na baridi ya Kitale ilikuwa ikiuma masikio. Mkazi wa Nairobi anayejidai kuijua baridi hajasimama nje katika mtaa wa Tuwan saa kama hiyo mwezi wa Desemba. Mji huo uko juu, karibu mita 1,900 kutoka usawa wa bahari, na upepo unaoteremka kutoka Mlima Elgon haupigi hodi. Nilikuwa nimesimama uani na tochi mkononi, kando ya lori la khocha (hivyo ndivyo sisi Wabukusu tunavyomwita mjomba), na moyo ulikuwa ukinidunda kama wa mwizi.

Na kweli nilikuwa na la kuficha. Nyuma ya lori hilo ilikuwa imefungwa karavani ya marehemu baba, nyumba ndogo ya bati yenye magurudumu mawili. Ndani ya karavani hiyo, chini ya godoro na blanketi tatu, mimi na ndugu yangu mdogo tulikuwa tumeificha pikipiki. Mama hakujua. Khocha, ambaye ndiye angeendesha, hakujua vilevile.

Kwanza nieleze habari ya karavani, maana najua msomaji anajiuliza watu wa Tuwan walipata wapi kitu cha watalii.

Baba alikuwa fundi wa matrekta katika shamba la mzungu mmoja upande wa Cherangany. Reli ilipofika Kitale mwaka 1926, walowezi walizidi kumiminika Trans Nzoia, wakalima mahindi na kufuga ng'ombe wa maziwa kwenye mashamba ambayo mwisho wake ulikuwa hauonekani kwa macho. Baada ya uhuru wa mwaka 1963 wengi wao waliuza na kwenda zao, mmoja mmoja, kwa miaka mingi. Yule wa baba alikawia hadi miaka ya sabini. Siku ya kuondoka alikuwa anadaiwa mishahara ya miezi mitatu, na badala ya fedha akamwachia baba karavani aliyozoea kuivuta kwa Land Rover yake kwenda kupiga kambi. Wenzake baba walimcheka hadi wakashika mbavu. "Wenzako wamenunua ng'ombe, wewe umelipwa kibanda!"

Mama hakucheka. Aliisimamisha karavani hiyo juu ya mawe kando ya barabara, akatoboa dirisha upande mmoja, akaanza kuuza chai na mandazi. Kibanda hicho ndicho kilichonisomesha hadi chuo cha ualimu. Hata leo nikisikia harufu ya majani ya chai yakichemka ndani ya maziwa, naiona ile meza ya kukunjwa niliyokuwa nikifanyia hesabu huku mikono ya wateja ikinipita kichwani.

Baba alifariki mwaka 2011. Miaka saba baadaye mwenye ploti aliuza, na mnunuzi akatupa notisi ya miezi mitatu. Mama akaamua kurudi kwenye kipande cha shamba la baba karibu na Bungoma, mahali alipoolewa na ambapo hakuwa amekaa zaidi ya majuma mawili mfululizo kwa miaka arobaini. Aliweka masharti mawili. La kwanza, karavani iende. La pili, pikipiki isiende.

Pikipiki yenyewe ilikuwa Boxer nyekundu ya ndugu yangu. Aliichukua mwaka 2016 kwa mkopo wa chama, akaingia katika kazi ya bodaboda kama vijana wengi wa rika lake. Kazi hii si ngeni kwetu. Jina lenyewe lilizaliwa jirani, kwenye mpaka wa Busia, ambako waendeshaji baiskeli walikuwa wakiwavusha wasafiri kutoka kituo cha Kenya hadi cha Uganda wakiita kwa Kiingereza chao kwamba wanabeba mtu kutoka mpaka hadi mpaka. Mimi nilipokuwa msichana, Bungoma ilikuwa mji wa baiskeli zenye viti vya sponji na nyuzi za rangi rangi. Serikali ilipoondoa kodi kwa pikipiki ndogo mwaka 2008, baiskeli zikaanza kuyeyuka, na mji ukabadili sauti.

Mama alizipenda baiskeli. "Baiskeli ilikuwa ikiniangusha matopeni," alizoea kusema, "lakini pikipiki imeniangushia mwana."

Maana mwezi wa Machi mwaka huo wa 2018, ndugu yangu aligongwa na gari ambalo halikusimama. Mguu wa kulia ulivunjika mara mbili chini ya goti. Alitiwa vyuma, akalala majuma sita katika wodi ambayo hata wauguzi wenyewe waliiita wodi ya bodaboda, kwa jinsi vitanda vyake vilivyojaa vijana wenye miguu iliyoning'inizwa. Pikipiki haikuumia sana: taa, kioo, na usukani uliopinda kidogo. Mama aliona kama uonevu kwamba chuma kilipona na mtoto akavunjika. Akaapa mbele ya wageni waliokuja kutupa pole: "Siku pikipiki hiyo itakapopanda gari nililopanda mimi, nitashuka nitembee kwa miguu."

Mkopo, hata hivyo, haukuvunjika mguu. Uliendelea kudai kila mwezi, na aliyekuwa akiulipa tangu Machi ni mimi, kutoka katika mshahara wa mwalimu wa shule ya msingi jijini Nairobi. Wasomaji walimu wanajua ninachozungumzia. Nilikuwa na wanangu wawili, kodi ya nyumba, na sasa pikipiki ambayo haikuwa ikitembea. Yalikuwa yamebaki malipo manne. Kuiuza wakati huo kungekuwa sawa na kuitupa, kwani wanunuzi wote mtaani walijua shida yetu na walikuwa wakitaja bei za kututukana. Na daktari alikuwa amesema kwamba kufikia Februari ndugu yangu angeweza kurudi kazini. Kazi gani nyingine alikuwa nayo?

Basi usiku wa kuamkia safari tulikaa mimi naye nyuma ya nyumba tukanong'ona. Kuiendesha hadi Bungoma hakungewezekana, mguu bado ulikuwa ukimsumbua. Nikapendekeza tumlipe kijana mmoja aipeleke. Ndugu yangu akakataa. "Dada, huyo ukimpa Boxer aipeleke Bungoma, atafika nayo Malaba." Tukacheka, kisha tukanyamaza, kisha sote wawili tukageuka tukaitazama karavani.

Hapo ndipo kosa lilipoanzia, na ni kosa langu, kwa kuwa mimi ndiye mkubwa.

Khocha alikuwa ameshinda mchana kutwa akipakia. Amekuwa dereva wa malori tangu miaka ya themanini, na ana namna yake ya kupanga mzigo ambayo haitaki ushauri wa mtu. Lori lake ni Canter, si kubwa, na alilijaza magunia kumi na mawili ya mahindi ya msimu huo, makochi, kabati, kitanda, tangi la maji na kuku wa mama ndani ya tenga. Ndani ya karavani alitia vitu vichache: magunia mawili ya maharagwe na sanduku la vyombo vya baba vya ufundi, vyote akivisogeza mbele, upande wa lori. Nyuma aliacha wazi kabisa, akaweka godoro na blanketi tu. Nilimwona akiuinua mkono wa karavani kwa mikono yake kabla ya kuufunga, akiupima uzito, akitikisa kichwa kwa kuridhika. Sikumwuliza anafanya nini. Nilidhani ni mazoea ya wazee.

Saa tano za usiku, mama amelala, khocha anakoroma kwenye kiti cha lori, tuliitoa pikipiki ghalani. Mlango wa karavani uko ubavuni, karibu na nyuma, na ndani hapakuwa na nafasi ya kuigeuza. Ilituchukua karibu saa nzima kuipandisha juu ya ubao, mimi nikisukuma na yeye akivuta kwa mguu mmoja. Ilipoingia, ilikaa pale pale nyuma, ikapita upana wote wa karavani. Magunia ya maharagwe yalikuwa yakituzuia, kwa hiyo tukayaburuta nayo nyuma ili yaishike isianguke. Tuliisimamisha kwa stendi yake, tukaifunga kwa mipira ya tyubu, tukaifunika. Nilijisifu moyoni. Nilikuwa nimeokoa mkopo, nimemwokoa ndugu yangu, na mama asingejua hadi tufike.

Tuliondoka kabla ya jua kuchomoza. Mbele tulikaa watatu: khocha, mimi katikati, na mama dirishani akiwa amejifunika leso mbili. Ndugu yangu na utingo walikaa juu ya mzigo. Mama hakugeuka kuitazama ploti. Alisema tu, "Twendeni," na mkono wake ukashika kipini cha mlango na haukukiachilia tena.

Safari ya Kitale hadi Bungoma haifiki kilomita mia moja. Unapita Kiminini, unateremka Kamukuywa, Misikhu, hadi Webuye, kisha unakata kulia kwenye barabara kuu iendayo Malaba. Ni safari ya kuteremka, kwani Bungoma iko chini ya Kitale kwa takriban mita mia tano. Na kuteremka, kama nilivyokuja kujua, ndiko kunakopima mzigo.

Kabla ya kufika Kiminini khocha alianza kuukaza uso. Alipunguza mwendo, akautazama usukani, akatazama kioo cha kando. "Hiki kitu kinacheza," akasema. Nami nilikuwa nimehisi: lori lilikuwa kama linavutwa mkia, kidogo kushoto, kidogo kulia, kama ng'ombe anayefukuza nzi. Tulipofika Kiminini alisimama, akashuka na kukagua. Alipiga teke magurudumu, akaangalia bolti na mnyororo wa usalama, akainama chini. Kisha akanijia dirishani.

"Mwalimu, ndani mko vile nilivyopanga?"

Mama alikuwa kando yangu. Alikuwa ananitazama.

"Ndiyo, khocha," nikajibu.

Nimewahi kusema uongo mara nyingi maishani, kama watu wote. Huo ndio ninaoukumbuka kwa sauti yake.

Tukaendelea. Khocha aliendesha polepole, na katika barabara iliyonyooka mambo yalikuwa na nafuu. Kulipambazuka. Mashamba yalikuwa yamevunwa, mabua yamesimamishwa vikundi vikundi, na watoto walikuwa wakitupungia mkono kwa furaha ya kuiona nyumba inatembea. Nikaanza kujiambia kwamba ni upepo tu.

Ndipo tukaanza kuteremka kuelekea daraja la Kamukuywa.

Sijui nieleze vipi. Lori lilishika kasi kidogo tu kwa sababu ya mteremko, na mara kile kichezo cha mkia kikawa kipigo. Karavani ilitupiga kushoto, ikatupiga kulia, kila pigo kubwa kuliko la awali, na sehemu ya nyuma ya lori ikawa inafuata. Nilisikia utingo akipiga paa kwa viganja vyote viwili akipiga mayowe. Mbele yetu lilikuwa linapanda lori la mchanga. Mama alisema neno moja tu, "Wele," ambalo ni jina la Mungu katika lugha yetu, akafumba macho.

Khocha hakukanyaga breki. Hilo ndilo lililotuokoa, alivyotueleza baadaye. Angekanyaga kwa nguvu, karavani ingetusukuma tukajikunja kama kisu cha kukunja. Aliondoa mguu kwenye mafuta, akaushika usukani sawasawa bila kujaribu kushindana na yale mapigo, akaiacha injini yenyewe ipunguze mwendo. Lori la mchanga lilitupita likipiga honi ndefu. Kisha mapigo yakapungua, moja, jingine, na tukasimama kandokando ya barabara, gurudumu moja la karavani likiwa kwenye majani ya mtaro.

Hakuna aliyesema neno. Kuku ndio waliokuwa wakilia.

Khocha alishuka, akaenda moja kwa moja kwenye mlango wa karavani na kuufungua. Harufu ya petroli ilimpokea. Mipira ya tyubu ilikuwa imenyumbuka kama uji, stendi ilikuwa imetoboa sakafu kuukuu ya mbao, na pikipiki ilikuwa imelala ubavu juu ya gunia la maharagwe, ikidondosha mafuta kwenye blanketi. Futi mbili kutoka hapo lilikuwa jiko la mama la makaa, ambalo lilipikiwa chai ya alfajiri. Mama alikuwa amelimwagia maji kabla ya kulipakia. Yeye huwa halimwagii maji, husema linapasuka. Asubuhi hiyo alilimwagia.

Nilikaa chini kwenye majani.

Kuna jambo ambalo nalifundisha darasani katika somo la sayansi, na ambalo sikulitumia nilipolihitaji. Umewahi kumwona mvuta mkokoteni sokoni aliyepakia magunia nyuma ya magurudumu? Mikono ya mkokoteni hupaa, naye hubaki ananing'inia miguu ikiwa hewani. Karavani ya magurudumu mawili ni mkokoteni. Mzigo mkubwa ukiwa mbele kidogo ya ekseli, mkono wake hulikalia lori kwa uzito wa kutosha, kiasi cha sehemu moja kwa kumi ya uzito wote, na karavani hufuata kwa adabu. Uzito ukihamia nyuma, mkono huinuka, lori hupoteza mshiko kwenye magurudumu ya nyuma, na kila shimo au upepo wa gari linalopita huirusha karavani ubavuni kama kengele. Kadiri mwendo unavyoongezeka, ndivyo kengele inavyozidi kupiga. Boxer ina kilo mia moja na ushee. Magunia mawili ya maharagwe yana kilo mia na themanini. Sisi tuliyaondoa mahali pazuri tukayaweka yote mahali pabaya, gizani, kwa siri.

"Nani aligusa mzigo wangu?" khocha aliuliza. Hakupaza sauti.

Kabla sijajibu mama alikuwa ameshuka. Alisimama mlangoni, akaitazama pikipiki kwa muda mrefu. Ndugu yangu alikuwa ameteremka kutoka juu ya mzigo, amesimama kwa mguu mmoja kama korongo.

"Mlikuwa mnaificha nani asiione?" mama akauliza.

"Wewe, mama."

"Na mimi nilikuwa nimeketi wapi?"

Hatukuwa na jibu. Alikuwa ameketi mbele yake, bila shaka, na sisi sote pamoja naye.

Wakati huo vijana wa stendi ya bodaboda ya pale karibu walikuwa wamekwisha fika, kama wanavyofika siku zote penye shida. Watu huwasema vibaya vijana hawa, lakini ukianguka ndio wa kwanza kukuokota. Mmoja alimwinamia mama akamsalimu, "Mulembe, mayi." Wakaitoa pikipiki nje, wakaisimamisha, wakaizungusha wakiikagua kwa mapenzi kana kwamba ni ng'ombe wa mahari. Khocha alisema hairudi ndani ya karavani, na lori limejaa. Kijana mmoja akajitolea kuiendesha hadi Bungoma kwa malipo kidogo. Ndugu yangu akaangalia chini. Nilijua anawaza Malaba.

Mama alikuwa akiizunguka pikipiki hiyo, kwa mbali kidogo, kama mtu anayemzunguka mbwa asiyemwamini. Alifika nyuma, akainama. Kwenye kile kipande cha mpira kinachoning'inia nyuma ya gurudumu, ambapo waendeshaji huandika maneno yao, ndugu yangu alikuwa ameandikisha kwa rangi nyeupe: DUA LA MAMA. Ilikuwa imeandikwa hapo tangu mwaka 2016. Mama hakuwahi kuikaribia pikipiki kiasi cha kuyasoma. Aliyasoma sasa, polepole, kwa kidole, maana hakusoma sana.

"Hata hamkuniuliza," alisema. Kisha akamgeukia khocha. "Teremsheni mahindi."

"Dada, hayo ni chakula chako cha mwaka."

"Teremsheni mahindi, nimesema."

Yakateremshwa magunia matano. Habari ya mahindi kando ya barabara haikawii, na robo saa haikupita kabla mnunuzi hajafika na pikipiki yake mwenyewe. Alitoa shilingi elfu moja mia tano kwa gunia, bei ya mtu anayejua kwamba huna pa kwenda nayo. Mama alizipokea fedha bila kubishana, jambo ambalo sijaliona tena tangu siku hiyo, akazifunga kwenye pindo la leso.

Khocha aliipakia pikipiki mwenyewe, na alinilazimisha nisimame nitazame kama mwanafunzi. Vijana wanane waliinua. Gurudumu la mbele lililalia ukuta wa mbele wa sanduku la lori, katikati, ili pikipiki isiwe na pa kukimbilia. Stendi ilikunjwa, kwa kuwa pikipiki inayosimama kwa stendi ndani ya gari hurukaruka hadi stendi ikavunjika au ikatoboa sakafu, na sisi tulikuwa na ushahidi. Alifunga kamba mbili za manila chini ya usukani, penye ule uma wa mbele, moja kwenda kila pembe ya lori, akazivuta hadi springi za mbele zikabonyea nusu. Springi zikibonyea, alisema, ndizo zenyewe zinazoshika kamba. Kamba mbili nyingine akazifunga nyuma. Kijana mmoja alimpa mpira wa tyubu. Khocha akaurudisha. "Mpira ni wa kufungia kuku." Akafunga koki ya petroli, akaning'oa kwa macho, akapanda kuyarudisha maharagwe mbele ya karavani yeye mwenyewe, peke yake, akikataa msaada wetu.

Baada ya kilomita kumi alisimama tena kukaza kamba, kwani kamba mpya haikosi kulegea. Karavani ilitufuata kimya. Tulipita Webuye, penye kile kiwanda kikubwa cha karatasi kilichosimama mwaka 2009 na kuacha wafanyakazi wengi wakitazamana. Watoto wa siku hizi hawaijui ile harufu iliyokuwa ikitwambia tumekaribia nyumbani. Mama alilala, kichwa begani mwangu. Hakushuka kutembea kwa miguu. Sikuthubutu kumkumbusha kiapo chake, na hata leo sijathubutu.

Tulifika saa saba mchana. Ndugu wa baba walikuwa wamekusanyika, na karavani ilisukumwa kwa mikono hadi chini ya mwembe. Pikipiki ilipoteremshwa, mama alimnyoshea ndugu yangu kiganja. "Ufunguo." Naye akautoa. Ukaenda kukaa kwenye lile pindo la leso, pamoja na fedha za mahindi.

Mahindi hayo yalimkosesha usingizi mama kabla ya mavuno ya mwaka uliofuata. Kuanzia Mei nilikuwa nikituma fedha za unga, kwa hiyo ukipiga hesabu, pikipiki hiyo niliilipia mara mbili. Mkopo uliisha mwezi wa Aprili 2019. Ndugu yangu alirudi kazini Februari, stendi ya Kanduyi, kwa utaratibu ambao wenzake waliucheka mpaka wakauzoea: kila asubuhi humwendea mama kwenye dirisha la karavani, ambako chai imekwisha kuchemka. Mama hutazama kwanza kama amevaa helmeti na kuifunga kidevuni. Humwambia aikanyage breki aisikie. Ndipo hulifungua pindo la leso. Jioni ufunguo hurudi kabla taa hazijawashwa, na wateja wanaokunywa chai hapo, wengi wao bodaboda, hutazama saa zao na kuanza kunyamaza kidogo kama amechelewa.

Khocha ameuza ile Canter. Lakini kila nikipanda gari lolote analoendesha, hata kwenda tu sokoni Chwele kununua ndizi, huzima injini kwanza, hunigeukia, na kuniuliza mbele ya watu wote: "Mwalimu, ndani mko vile nilivyopanga?"